Balozi Ametumwa na Nani?

Maneno yaliyosemwa na karani mmoja wa machimbo mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa Kazimia



Nimeombwa niseme machache juu ya mabalozi, na juu ya uhusiano wa nchi yetu ya Kongo na nchi ya Tanzania, jirani yetu wa ng'ambo ya maji haya. Sitasema kama mwalimu. Mimi ni karani, kazi yangu ni kuandika majina na hesabu katika daftari. Lakini karani husoma, na mtu aliyesoma asipowaeleza wenzake, kusoma kwake ni kama taa iliyowekwa chini ya kitanda.

Najua wako watu hapa wanaosema moyoni: "Balozi ni mtu wa gari jeusi na bendera ndogo. Anakaa Kinshasa au Dar es Salaam, anakunywa chai na wakubwa. Mimi nachimba mchanga. Yeye ananihusu nini?" Neno hilo si la kijinga, na ndilo nitakalolijibu leo. Jibu langu ni hili: balozi ni mdomo, na kila mdomo una mwenyewe. Ukitaka kujua kama balozi atakufaa au atakudhuru, usitazame gari lake. Uliza swali moja tu: ametumwa na nani, aseme nini? Tutapita katika habari za ziwa hili tangu zamani mpaka siku zetu, na kila mahali tutauliza swali hilo.

MJUMBE HAUAWI

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Babu zetu waliijua sana. Ukoo ukitaka mchumba katika ukoo mwingine, hauendi wote kwa makelele. Humtuma mshenga, mtu mwenye ulimi wa adabu. Vijiji viwili vikigombana, hutumwa mjumbe, na mjumbe hauawi hata kama maneno aliyoyaleta ni machungu, kwa sababu maneno si yake, ni ya aliyemtuma. Wenzetu wa ng'ambo, tangu siku za chama cha TANU, walilishusha neno hili mpaka mlangoni pa kila mtu: kiongozi wa nyumba kumi mtaani wakamwita balozi.

Mwezi wa Aprili mwaka 1961 mataifa yalikutana Vienna, mji mkuu wa Austria, yakaiandika desturi hiyo ya kale iwe sheria. Nchi haiwezi kumpeleka balozi mpaka nchi ya kumpokea imelikubali jina lake. Akifika, humkabidhi mkuu wa nchi barua ya kumtambulisha. Polisi hawaingii ubalozini pasipo ruhusa, na balozi mwenyewe hakamatwi. Lakini naye amefungwa kamba: lazima aheshimu sheria za wenyeji, na asijitie katika mambo yao ya ndani. Akiharibu, wenyeji wanaweza kumwambia arudi kwao, wala hawalazimiki kutaja sababu.

Mwaka 1963, hapo hapo Vienna, ikaandikwa sheria ya makonsuli. Balozi husema na serikali. Konsuli hushughulika na watu: pasipoti, vyeti, mfungwa, maiti. Mkumbukeni huyo konsuli, maana nitarudi kwake kabla sijakaa chini.

ZIWA LILIKUWA BARABARA

Kabla ya ofisi za ubalozi kulikuwa na biashara. Chumvi ya Uvinza ilivuka maji haya kwa mitumbwi. Soko la Ujiji liliwajua watu wa pande zote za ziwa. Kiswahili tunachosema hapa leo kilikuja kwa njia hiyo, pamoja na nguo na shanga, na pamoja na minyororo ya watumwa pia, tusifiche. Ziwa halikuwa ukuta. Lilikuwa barabara yenye urefu wa kilomita 670 hivi, na upana wa kilomita 50 tu kwa wastani.

Ndipo Wazungu wakakutana Berlin, Novemba 1884 mpaka Februari 1885. Nchi 14 zilileta wajumbe wao. Walikuwa mabalozi hodari, waliojua lugha na sheria. Lakini mezani pale hakukaa Mwafrika hata mmoja. Katika miaka hiyo mpaka ukapitishwa katikati ya ziwa, juu ya maji, mahali ambapo hakuna jiwe wala mti wa kuuonyesha. Upande huu ukawa wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Upande ule ukawa wa Wajerumani. Mabalozi wale walitumwa na nani? Na wafalme na mawaziri wa Ulaya. Kwa hiyo walisema ya Ulaya. Mdomo haukukosea, ulimsemea mwenyewe.

KODI YA FRANKA MOJA

Vita kuu ya kwanza ilipokuja, askari wa Kongo chini ya Wabelgiji waliichukua Kigoma mwezi wa Julai 1916, na Tabora mwezi wa Septemba. Askari hao walikuwa watoto wa nchi hii, na wapagazi waliowabebea risasi na unga walikuwa wengi kuliko askari. Vita vilipokwisha, Mei 1919, Mbelgiji mmoja jina lake Orts na Mwingereza jina lake Milner walipatana: Ruanda na Urundi ziwe za Wabelgiji, Tanganyika iwe ya Waingereza.

Lakini Wabelgiji walitaka njia ya bahari kwa mali ya Kongo. Kwa hiyo tarehe 15 Machi 1921 mkataba ukatiwa saini: Ubelgiji ilipewa sehemu yake katika bandari ya Kigoma na katika bandari ya Dar es Salaam. Kodi ilikuwa franka 1 kwa mwaka, na muda wake ulikuwa milele. Watu wakapaita mahali hapo Belbase. Mizigo ikavuka ziwa, ikapanda reli ya Kigoma iliyomalizika 1914, ikafika baharini. Ninyi mnaojua uzito wa gunia moja la mawe, fikirini: mali ya nchi nzima ikapewa mlango wa franka moja, na yule aliyechimba, na yule aliyebeba, hakuna aliyeulizwa.

Sasa sikilizeni neno la Nyerere. Mwezi wa Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, uliokuja tarehe 9 Desemba, alisimama mbele ya baraza la kutunga sheria akasema kwamba Tanganyika huru haifungwi na mkataba ule. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuifahamu. Mwingereza alikuwa amekabidhiwa Tanganyika aiangalie kwa muda tu. Mtu aliyeachiwa nyumba aiangalie hawezi kuikodisha milele kwa mtu mwingine. Hoja hiyo wanasheria wa dunia wanaisoma mpaka leo, na wameipa jina la Nyerere mwenyewe.

Je, aliwafungia Wakongo mlango? Hapana. Alichokataa ni mkataba uliofanywa na wageni wawili juu ya nyumba isiyo yao. Mizigo ya Kongo imeendelea kupita Dar es Salaam, na bandari ile ni mlango mkubwa wa shaba ya Katanga mpaka sasa. Tofauti ni hii: siku hizi Kongo na Tanzania huzungumza zenyewe juu ya bandari hiyo.

WAJUMBE WAWILI, KITI KIMOJA

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 20 Septemba ikapokewa katika Umoja wa Mataifa, yaani ONU. Lakini siku hiyo nyumba yetu ilikuwa tayari imepasuka. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alikuwa ametangaza kumwondoa Lumumba, na Lumumba akakataa. Basi kule New York wakaja wajumbe wa pande mbili kukikalia kiti kimoja: upande mmoja watu wa Kasavubu, upande wa pili watu wa Lumumba, na mkuu wao alikuwa Thomas Kanza, kijana aliyesoma.

Tarehe 22 Novemba 1960 mataifa yakapiga kura. Waliomkubali Kasavubu walikuwa 53, waliokataa 24, na 19 hawakuegemea upande. Siku tano baadaye Lumumba akatoka nyumbani kwake Léopoldville usiku, akielekea kwa watu wake Stanleyville. Tarehe 1 Desemba akakamatwa. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga pamoja na Mpolo na Okito.

Mnaona sasa kwamba ubalozi si mambo ya chai. Kiti kimoja katika ukumbi wa mbali, chenye kibao cha jina la nchi, kilipewa upande mmoja, na yule aliyekikosa akabaki peke yake njiani.

Wenzangu wa machimbo, yako na mafundisho mengine katika miaka hiyo, na yanatuhusu sisi hasa. Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi peke yake tarehe 11 Julai 1960. Kampuni kubwa ya shaba, Union Minière, ilimlipa yeye kodi. Alikuwa na fedha, alikuwa na askari wa kukodiwa, alikuwa na bendera na stampu za barua, alifungua hata ofisi Ulaya. Lakini hakuna nchi hata moja duniani iliyoitambua Katanga kuwa dola, na mwezi wa Januari 1963 mambo hayo yakaisha. Fedha ya shaba ilinunua bunduki. Haikununua balozi hata mmoja. Kutambuliwa hakuuzwi dukani.

UBALOZI NA VITA VYA FIZI

Sasa tunafika nyumbani. Tarehe 15 Mei 1964 waasi waliichukua Uvira, na mwezi wa Juni Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Mwezi wa Julai Tshombe yule yule akafanywa waziri mkuu wa Kongo nzima. Kwa viongozi wengi wa Afrika, jina la Tshombe lilikuwa jina la kifo cha Lumumba. Tanzania, iliyokuwa imetoka tu kuungana na Unguja tarehe 26 Aprili 1964, ikawa upande wa waasi. Silaha zikapita Kigoma.

Dar es Salaam palikuwa na balozi wa Kuba, Pablo Rivalta. Kwa mkono wake Wakuba walipokewa na kupelekwa magharibi mpaka ziwani. Mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Guevara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Che, alivuka usiku kutoka Kigoma, akatua Kibamba, katika pwani hii hii yetu ya Fizi. Walimpa jina la Kiswahili, Tatu, yaani mtu wa tatu katika orodha yao. Wenzake waliomfuata walizidi 100. Serikali ya Tanzania ilikuwa imekubali msaada wa Wakuba, ingawa Che mwenyewe aliingia kwa siri.

Mnajua mwisho wake. Askari wa serikali pamoja na mamluki wa Kizungu wakairudisha Baraka, wakairudisha Fizi. Novemba 1965 Wakuba wakavuka tena ziwa kurudi Kigoma, na tarehe 24 mwezi huo huo Mobutu akachukua utawala.

Sikuja hapa kuhukumu ni nani aliyekuwa na haki. Wako wazee hapa ambao familia zao zilikuwa upande huu, na wengine upande ule. Ninauliza swali letu tu. Balozi wa Kuba alitumwa na Havana. Mamluki waliletwa na Léopoldville. Silaha zilipita kwa ruhusa ya Dar es Salaam. Na mama wa Kibembe aliyekimbilia mlimani na mtoto mgongoni, ni mjumbe gani aliyemsemea? Mbele yake zilipita bendera za nchi nyingi, na hakuna hata moja iliyokuja kumwuliza habari.

BALOZI ALIYEKEMEWA NA WAKUBWA WAKE

Miaka kumi ikapita. Laurent Kabila alikuwa milimani na chama chake cha PRP, kilichoanzishwa 1967, katika nchi hii ya Fizi. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kwa mashua, wakaingia Gombe, upande wa Tanzania, mahali ambapo bibi Jane Goodall alikuwa akichunguza sokwe. Wakawakamata wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, wakawaleta upande huu. Walidai fedha na silaha, na watu wao waliokuwa wamefungwa Tanzania waachiliwe.

Serikali ya Tanzania haikutaka kuyakubali madai hayo. Serikali ya Marekani nayo ilikuwa na amri yake: haisemezani na watekaji. Lakini wazazi wa vijana walikuwa wamefika Dar es Salaam wakilia. Balozi wa Marekani, Beverly Carter, mtu mweusi, aliwaacha watu wa ofisi yake wawasaidie wazazi hao kuonana na wajumbe wa PRP. Mwisho wa Julai vijana wote wanne walikuwa wametoka wazima.

Mwadhani alisifiwa? Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikasirika, akamrudisha nyumbani, na kazi ya ubalozi wa Denmark aliyokuwa akiingojea akanyimwa. Watu wakanung'unika sana kwao, na mwaka uliofuata akapelekwa Liberia.

Ndugu zangu, hapa swali letu lina pande mbili. Balozi ametumwa na serikali, lakini serikali yenyewe imewekwa kwa ajili ya watu. Amri ya aliyemtuma ikienda huku, na kilio cha raia wake kikienda kule, balozi mwema hupata taabu. Carter alipata taabu hiyo. Mimi namheshimu kwayo.

MTU WA MILIMANI AKAWA MPOKEA MABALOZI

Vita vya 1996 vikaja. Maelfu na maelfu ya watu wetu wa Uvira na Fizi walivuka kwa boti na mitumbwi. Mwaka huo ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, na wako watoto waliozaliwa pale ambao leo ni watu wazima wenye watoto wao. Tarehe 17 Mei 1997 Kabila, yule wa milimani Fizi, ambaye aliwahi kukaa miaka Tanzania, akawa Rais wa Kongo. Mtu ambaye hakuwa na balozi akawa ndiye anayepokea barua za mabalozi. Mwanawe Joseph, aliyesoma Tanzania, akatawala baada yake tangu 2001 mpaka 2019.

Damu nayo imeunganisha. Mwaka 2013 ONU iliunda kikosi cha kupigana na makundi yenye silaha mashariki ya Kongo; Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikatoa askari. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika Kivu ya Kaskazini, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa usiku mmoja. Hao walikuwa watoto wa watu, wa kila mahali kwao. Anayesema Tanzania haikupoteza kitu kwa ajili ya Kongo, hajahesabu makaburi.

Tena yako mapatano mapya. Tarehe 29 Machi 2022 wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki waliipokea Kongo katika jumuiya yao. Tarehe 8 Aprili Rais Tshisekedi akatia saini Nairobi. Tarehe 11 Julai Kongo ikawa mwanachama kamili. Katika jumuiya ya nchi za kusini, SADC, Kongo na Tanzania hukaa meza moja pia, na tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya meza hiyo. Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, jumuiya hizo mbili zilikutana pamoja Dar es Salaam, tarehe 8 Februari 2025, kutafuta njia ya kusimamisha vita. Na kabla ya hapo, mwezi ule ule wa Januari, Kongo ilitangaza kuwarudisha wajumbe wake waliokuwa Rwanda. Ubalozi ukifungwa, mtu wa mpakani ndiye wa kwanza kubaki bila wa kumsemea.

KONSULI NI WAKO

Sasa namjibu yule aliyeuliza, ananihusu nini.

Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,400 hata kwa ndege, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini Kongo ina konsuli wake Kigoma, ng'ambo tu, mahali mnapopeleka mawese na mnapokwenda hospitali. Tanzania nayo imeweka ubalozi mdogo Lubumbashi kwa ajili ya watu wake na mizigo yake. Mambo matatu yawe kichwani mwenu.

La kwanza ni karatasi. Katika daftari langu naona mtu mmoja mwenye majina matatu: moja la ubatizo, moja la nyumbani, moja alilopewa na kapita aliyekosea kuandika. Siku ya mshahara tunacheka. Siku atakapokuwa ng'ambo na matata, hatacheka, maana konsuli atauliza: nitajuaje kwamba wewe ni mtu wangu? Andikeni jina moja, kwa herufi zile zile, katika kila karatasi, na za watoto wenu pia. Mkilipa stampu au cheti, ombeni risiti. Ofisi isiyotoa risiti mwiteni shahidi.

La pili ni kukamatwa. Sheria ya Vienna ya 1963, ambayo Kongo na Tanzania zote mbili zimeikubali, yasema hivi: mgeni akikamatwa, wenye mamlaka wamjulishe haki yake, naye akitaka, konsuli wa nchi yake aambiwe pasipo kukawia. Konsuli ana ruhusa kwenda kumwona kifungoni, kusema naye, na kumtafutia wakili. Mtu wetu akikamatwa, asipige kelele, asikimbie. Aseme kwa adabu: "Naomba konsuli wa Kongo ajulishwe." Kiswahili mnacho, hamhitaji mkalimani. Lakini msidanganyike: konsuli si mvunja gereza. Ukivuka na dhahabu ya Misisi au ya Lubichako mfukoni pasipo karatasi, yeye atakuja kukuona, wala hataweza kuifanya haramu iwe halali. Dhahabu isiyo na karatasi haina balozi, na mchimbaji aliyeitoa hana faida nayo. Anayefaidi ni yule wa mwisho aliyeipa karatasi ya uongo.

La tatu ni kifo. Mtu wetu akifa ng'ambo, wenyeji wanapaswa kumjulisha konsuli, naye ndiye wa kuwasaidia jamaa kwa karatasi za kumrudisha au za urithi wake. Nani kati yetu hajamzika mtu wa ziwa?

Lakini liko neno la kuangalia. Mtu aliyekimbia kwa kuogopa serikali yake mwenyewe asilazimishwe kwenda kwa konsuli wa serikali hiyo. Huyo ni mkimbizi, na mwenye kumwangalia ni shirika la wakimbizi la ONU pamoja na serikali iliyompokea. Tusiwatume jamaa zetu wa Nyarugusu mahali ambapo hawataki kwenda.

NA SISI TUNATUMA

Namalizia kwa jambo la samaki, maana kila mtu hapa hula ndagala. Mwaka 2003, tarehe 12 Juni, nchi nne za ziwa, ndizo Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza ziwa pamoja. Kutokana na mapatano ya nchi hizo, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wazae. Jambo hilo laweza kuwa jema. Samaki hajui mpaka, na nchi moja ikifunga peke yake, nyingine hula za mwenzake. Lakini miezi mitatu bila nyavu, nyumba ya mvuvi itakula nini? Hilo ndilo neno ambalo mjumbe wa Kongo angepaswa kulibeba mezani. Na hawezi kulibeba kama hakuna aliyempa.

Hapa sasa ndipo pa kazi yetu. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema mikataba ya amani na mikataba ya biashara haithibitishwi ila kwa sheria, na sheria hupita mikononi mwa wabunge. Mbunge wa Fizi ni wenu. Anapokuja kuomba kura, msimwombe fulana na bia peke yake. Mwulizeni: mkataba gani juu ya ziwa letu umepita mbele yako, na ulisema nini? Chama cha wavuvi kiandike barua. Wachimbaji waandike. Akina mama wanaovusha mawese na mihogo waandike ni kodi ngapi wanalipa bandarini upande huu na upande ule. Asiyejua kuandika aje ofisini kwangu baada ya kazi. Kalamu ninayo, na sitozi kitu.

Kwa miaka mingi wengine walituma, wakasema juu yetu. Berlin walisema. Mwaka 1921 walisema. Kama mdomo ni wa aliyeutuma, basi na sisi tutume.

 Mwenye swali na aulize.